Rekebisha Paterni Kwanza: Gauni la Kitenge Limkae Mwenye Kifua, Hipsi na Mkono Mnene

Dada mmoja aliniletea gauni la kitenge lililoshonwa pengine, akaniomba nimwokolee. Zilikuwa zimebaki siku 5 kabla ya send-off ya mdogo wake. Nikamwambia alivae nilione. Mabega yalikuwa yameteremka karibu inchi nzima juu ya mikono, kwapa limeachama hadi sidiria inaonekana, na bado kifuani kitambaa kilikuwa kimevutwa mpaka maua ya kitenge yamepinda. Mbele gauni lilifunika magoti, nyuma lilikuwa limepanda juu. Nililigeuza ndani nje nikalikagua. Mishono imenyooka, ovaloki safi, zipu imelala vizuri. Aliyelishona anajua kushona. Aliona kifua hakitoshi, akachukua paterni (ile michoro ya karatasi ya kukatia nguo) ya saizi kubwa zaidi, kisha akaongeza pembeni.

Magauni mengi yanaharibikia hapo. Titi liko mbele, makalio yako nyuma, na mnofu wa mkono uko juu ya kiwiko. Ukiongeza nafasi pembeni, kitambaa kinajaa kwapani mahali pasipo na mwili, na pale penye mwili panabaki pamebanwa vilevile. Nafasi iwekwe mahali mwili ulipo, na kazi hiyo ifanyike kwenye karatasi, maana karatasi ukikosea unabandika selotepu. Kitenge ukikikosea umekikosea.

Lile gauni halikuokoleka, kwa hiyo nilimshonea jingine. Nitatumia namba zake mwanzo hadi mwisho ili uone hesabu inavyotembea. Gauni lenyewe ni la kubana, lina mshono kiunoni, dati (mkunjo wa pembetatu unaoshonwa ili kitambaa kifuate mwili) ya pembeni kifuani, dati za kiunoni mbele na nyuma, mkono mfupi na zipu mgongoni. Ukilielewa hili, mengine mengi utayaweza.

Vifaa

Futi kamba isiyolegea (za zamani huvutika, linganisha yako na rula ya chuma), rula ndefu, penseli, selotepu, karatasi ya kaki, pini, chaki ya nguo, na mikasi miwili. Mkasi wa karatasi usiguse kitambaa, na wa kitambaa usiguse karatasi.

Kama paterni umeipakua mtandaoni na unaichapisha steshenari kwenye karatasi za A4, mwambie mchapishaji aweke asilimia 100, asiiruhusu mashine ibane picha ili ienee ukurasa. Paterni nyingi za namna hiyo zina kimraba cha kujipimia kwenye ukurasa wa kwanza. Kipime kwa rula kabla hujabandika kurasa nyingine. Nimeona mtu amebandika kurasa zaidi ya 30, gauni likatoka dogo saizi nzima, kwa sababu tu kile kimraba hakukipima.

Usikate paterni ya asili. Inakili kwenye karatasi ya kaki pamoja na alama zake zote: mwelekeo wa uzi (mstari unaolazwa sambamba na ukingo wa kitambaa), dati, alama za kuunganishia, mstari wa kufupisha na kurefusha. Kisha chora mstari wa mshono wenyewe, yaani pale sindano itakapopita, kwa sababu marekebisho yote tunayapimia hapo na si kwenye ukingo wa karatasi. Paterni nyingi za bahasha kutoka Marekani zimeshawekewa nafasi ya mshono ya 5/8 ya inchi. Za jarida la Burda hazina, unaongeza mwenyewe.

Vipimo

Mteja avae sidiria atakayoivalia gauni. Hili si jambo dogo: sidiria ikibadilika, ncha ya titi inaweza kupanda au kushuka inchi nzima, na dati zote zitakosa mahali pake. Mfunge lastiki nyembamba kiunoni, ajipinde kulia na kushoto mara mbili tatu. Lastiki itatulia mahali kiuno chake kilipo, nawe utapimia urefu hapo.

Chukua hivi:

- Kifua cha juu: futi ipite chini ya kwapa, juu ya matiti, izunguke mgongoni.
- Kifua kamili: penye ncha ya titi.
- Kiuno, penye lastiki.
- Hipsi: penye unene zaidi. Mwangalie kwa pembeni, maana mara nyingi ni chini kuliko unavyodhani. Pima pia umbali kutoka lastiki hadi hapo.
- Mgongo: kutoka kifupa kinachotokeza chini ya shingo hadi lastiki.
- Bega, pale linapokutana na shingo, hadi ncha ya titi.
- Mkono wa juu, penye unene, mkono ukiwa umekunjwa kidogo.

Dada yetu alikuwa hivi: kifua cha juu 36, kifua kamili 41, kiuno 33, hipsi 46, mgongo 15½, bega hadi ncha 11, mkono 14½. Zote ni inchi.

Saizi inachaguliwa kwa kifua cha juu

Hapa ndipo yule fundi wa kwanza alipopotelea, na simlaumu, kwa sababu wengi tumefundishwa kutazama kifua kamili tu. Paterni nyingi za viwandani zimechorwa kwa mwanamke ambaye kifua chake kamili kinazidi kifua cha juu kwa inchi 2 hivi. Dada huyu anazidisha inchi 5. Mabega yake, shingo yake na kwapa lake ni vya mtu wa kifua 36 cha juu, ila matiti ndiyo makubwa. Ukimpa paterni ya kifua 41 au 42, unampa mabega ya mtu mwingine.

Hesabu ni kifua cha juu jumlisha 2. Kwake inakuwa 36 + 2 = 38. Paterni niliyoichagua ilikuwa ya kifua 38, kiuno 30, hipsi 40, mgongo 16½. Ukiitazama unaingiwa na hofu kwamba hataingia. Usihofu. Mabega, shingo na kwapa vitakaa, na hivyo ndivyo vigumu zaidi kurekebisha baadaye. Kilichobaki ni kuongeza inchi 3 za kifua, 3 za kiuno na 6 za hipsi mahali zinapostahili.

Usiichanganye tofauti hii na ile nafasi ya kuachia ili mtu apumue na kukaa. Kitenge hakivutiki, kwa hiyo gauni la kubana huwa naliachia inchi 2 hadi 3 kifuani, 1 hadi 1½ kiunoni, 2 kwenye hipsi na 1½ kwenye mkono. Paterni nzuri tayari imeachia. Pima karatasi kutoka mshono hadi mshono, toa dati, uone imeachia kiasi gani kabla hujaongeza lolote, usije ukaachia mara mbili.

Anza na urefu

Urefu unakuja kabla ya upana, kwa sababu ukianza na upana utaweka kiuno cha gauni mahali ambapo kiuno cha mtu hakipo. Mgongo wa paterni ni 16½, wake ni 15½, kwa hiyo inatoka inchi 1. Kwenye mstari wa kufupisha, kunja karatasi mkunjo wa nusu inchi, ambao ukikunjwa unameza inchi nzima. Bandika selotepu. Fanya hivyohivyo mbele. Pembeni patakuwa na kijongo kidogo: unganisha kwa mstari laini, na dati ya kiuno iliyokatika uichore upya inyooke.

Sasa ncha ya titi. Kwenye paterni ilikuwa inchi 10 kutoka begani, yake ni 11. Chora boksi kuzunguka dati ya pembeni, likate, lishushe inchi 1 bila kulipindisha, uzibe pengo kwa karatasi. Dati ya kiuno fupisha ncha yake kwa kiasi hichohicho.

Kuongeza kifua

Hii ndiyo kazi kubwa ya gauni zima. Isome yote kwanza, halafu ukae mezani. Tunafanya kipande cha mbele, ambacho ni nusu ya mbele, kwa hiyo zile inchi 3 zinagawanywa kwa 2: kila upande unahitaji 1½.

1. Weka alama ya ncha ya titi kwenye karatasi. Usitumie ncha ya dati, kwa sababu dati huishia kabla ya titi. Kama huna uhakika, mwegemeze mteja kipande cha karatasi kifuani na uweke alama hapohapo.

2. Kutoka kwenye alama hiyo chora mstari ushuke wima hadi kiunoni, sambamba na mwelekeo wa uzi, upite katikati ya dati ya kiuno. Kutoka alama hiyohiyo chora mstari mwingine uende juu kwa mshazari hadi kwenye kwapa, ukutane nalo kwenye theluthi ya chini. Hii ni mistari miwili lakini utaikata kama mmoja.

3. Chora mstari mwingine kutoka pembeni, upite katikati ya dati ya pembeni, hadi kwenye ncha ya titi.

4. Kata kuanzia kiunoni, panda hadi ncha ya titi, geuka kuelekea kwapa. Simama ukifika kwenye mstari wa mshono wa kwapa. Kisha ingia kwa nje, ukate nafasi ya mshono hadi ubakize karatasi kama upana wa punje ya mchele. Hiyo punje ndiyo bawaba yako. Ikikatika, ibandike selotepu uendelee.

5. Kata mstari wa dati ya pembeni kuelekea ncha ya titi, usifike: acha bawaba nyingine hapo.

6. Weka karatasi mpya chini. Shikilia upande wa katikati ya mbele usitikisike, na uvute upande wa pembeni kuelekea nje. Utaona karatasi inafunguka kama mlango: kwapani haifunguki, kwenye ncha ya titi inafunguka, na dati ya pembeni inapanuka yenyewe. Vuta hadi pengo lifike inchi 1½ penye ncha ya titi, na kutoka hapo kushuka hadi kiunoni liwe na upana uleule, kingo zake mbili sambamba. Bandika.

7. Angalia kiunoni. Upande wa pembeni umeshuka kuliko upande wa katikati ya mbele. Hapo hujakosea. Titi kubwa linahitaji urefu pia, ili kitambaa kiweze kupanda mlima na kushuka. Chini ya titi, kata kile kipande cha katikati kwa mstari uliolala, ukishushe hadi kiuno kilingane, uzibe pengo.

8. Chora dati upya. Ncha ya dati ya pembeni iishie inchi 1 kabla ya ncha ya titi, na kwa kifua kikubwa kama hiki mimi huacha 1½. Dati ikifika kwenye ncha kabisa, titi linachongoka, na hakuna mwanamke anayependa hivyo.

9. Kunja dati ya karatasi kama itakavyoshonwa, ielekee chini, kisha kata ukingo wa pembeni ikiwa imekunjwa hivyo. Ukiifungua utaona pua ndogo imetokeza. Iache. Bila hiyo pua, dati itakosa kitambaa cha kushikwa na mshono wa pembeni.

Kiunoni sasa kuna inchi 1½ za ziada kila upande. Kwa dada huyu, mama wa watoto watatu mwenye tumbo kidogo kwa mbele, ziada hiyo ilikuwa ndiyo ile niliyoitafuta: 30 jumlisha 3 ni 33, kiuno chake kamili. Nikaacha dati ya kiuno na upana wake wa zamani, nikachora tu miguu yake, yaani mistari yake miwili ya kushonea, upya. Mteja wako akiwa na kiuno chembamba, meza ziada kwenye dati ya kiuno, na inayobaki itoe pembeni kidogo.

Hesabu ya kwapa haijabadilika, wala ya bega, wala ya shingo. Rudia kupima kwapa kwa futi iliyosimamishwa kwa ukingo, ulinganishe na paterni ya asili. Ukikuta limeongezeka, bawaba yako ilifunguka.

Sketi: tumbo mbele, makalio nyuma

Hipsi zinahitaji inchi 6. Watu wanagawa kwa 4 na kuongeza 1½ kila pembeni, basi. Kwa mtu ambaye hipsi zake ziko pembeni kweli, sawa. Ila mtazame mteja ubavuni. Wengi wetu mwili umekwenda nyuma, na ukimwongezea pembeni utapata masikio mawili yanayotokeza huku kitambaa cha nyuma kikiendelea kupanda.

Mbele: kata sketi wima kutoka kiunoni hadi pindo, fungua inchi 1½ sawasawa. Sasa kiuno cha sketi mbele kinatoshana na kiuno cha juu ulichokwisha kipanua. Zimebaki 3 za nyuma, yaani 1½ kila upande.

Nyuma: kata wima kupitia katikati ya dati hadi pindo, fungua inchi 1. Kiunoni hatuitaki hiyo inchi, kwa hiyo inaingia kwenye dati. Dati iliyokuwa ya inchi 1 sasa ni ya 2, na dati nene hivyo inatengeneza mfuko chini yake. Igawe ziwe dati mbili za inchi 1 kila moja, ya karibu na zipu iwe ndefu kidogo kuliko ya pembeni. Nusu inchi iliyobaki ongeza pembeni penye hipsi, ikifika kiunoni iwe sifuri.

Bado urefu. Lile gauni la kwanza lilikuwa limepanda nyuma kwa sababu makalio yamemeza kitambaa. Penye kimo cha hipsi, kata mstari uliolala kutoka katikati ya nyuma kuelekea pembeni, acha bawaba kwenye mshono wa pembeni, fungua robo tatu ya inchi upande wa katikati. Kiuno hakipungui wala hakiongezeki, kwa kuwa kipande chote cha juu kimezunguka pamoja. Mstari wa zipu utainama kidogo kuelekea kiunoni: uache uiname, unafuata mgongo wake. Pembeni ulainishe ile kona.

Mkono

Mkono mfupi wa kitenge unaobana ni mateso. Mtu hawezi kuinua mkono kumkumbatia bibi harusi. Mkono wake ni 14½, nikataka 16, paterni ilikuwa na 15. Inahitajika inchi 1.

Chora msalaba kwenye mkono wa karatasi: wima kutoka kilele (sehemu ya juu inayoshonwa begani) hadi pindo, na uliolala kutoka kwapa hadi kwapa. Kata yote miwili kuanzia katikati kwenda nje, acha bawaba kwenye ncha zote nne. Vuta pande mbili za kulia na kushoto zitengane hadi inchi 1 katikati. Vipande vya juu na chini vitapandana kidogo na kilele kitashuka. Chora kilele kirudi juu karibu na kimo chake, kwa mviringo laini. Urefu wa mshono wa kilele usizidi sana wa kwapa: ukizidi kwa inchi 1 au zaidi, kitenge kitakunja vijikunjo begani, kwa kuwa kitambaa hiki hakikubali kubembelezwa kama sufu.

Mgongo wenye bonde

Neno moja tu hapa, kwa sababu linakosewa kila siku. Ukiona kitambaa kinajikunja kwa kulala juu ya makalio, katikati penye zipu, usikimbilie kusema mgongo una bonde. Kwanza uliza kama hipsi zinatosha. Gauni likibana kwenye makalio linapanda lenyewe kutafuta mahali pembamba, na kitambaa kilichopanda kinalundikana kiunoni. Lipe nafasi hipsi, livute lishuke. Mkunjo ukibaki, ndipo umeze nusu inchi kiunoni kwenye katikati ya mgongo, iishie sifuri pembeni. Dada huyu alikuwa na mkunjo huo kwenye gauni la zamani. Baada ya sketi kurekebishwa ulitoweka bila kuguswa.

Gauni la majaribio

Kata kwanza kwenye amerikani, ile pamba nyeupe isiyo na dawa. Mita mbili na nusu zilinitosha. Shuka la pamba la mtumba nalo linafaa, mradi lisivutike. (Jina amerikani lina historia yake. Katika karne ya 19, meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa hiki Zanzibar kwa wingi, na kufikia 1837 Marekani ilikuwa na konseli wake kisiwani. Na ni jimbo hilohilo la Massachusetts ambako fundi Ebenezer Butterick alianza mwaka 1863 kuuza paterni za karatasi za saizi mbalimbali. Kila ninapobandika paterni juu ya amerikani huwa nawakumbuka wote wawili.)

Shona kwa mishono mirefu, au piga bandi kwa mkono, bila mapambo wala ovaloki. Chora kwa kalamu juu ya kitambaa mstari wa kifua, wa kiuno na wa hipsi, yote imelala. Mvalishe, mwambie asimame kama anavyosimama siku zote, asijikaze. Soma kitambaa:

Mikunjo iliyolala na kuvutwa kama kamba inasema hapatoshi kwa upana. Mikunjo ya wima inayoning'inia inasema pamezidi. Mikunjo iliyolala lakini imelegea, kitambaa kimejikusanya, inasema urefu umezidi. Mikunjo ya mshazari inaelekeza kidole: fuata ncha yake, itakupeleka kwenye tatizo. Na ile mistari uliyoichora kwa kalamu, ikipanda mahali popote, hapo chini yake kuna mwili unaoomba urefu.

Usimtazame akiwa amesimama tu. Akae kwenye kiti, ainue mikono, ainame kuokota kitu. Dada huyu alipokaa, mstari wa hipsi ulitulia. Alipoinua mikono gauni lilipanda kidogo likarudi. Mgongoni tu, juu ya zipu karibu na shingo, kulikuwa na kitambaa cha ziada. Nilibana pini robo ya inchi kila upande.

Kila pini uliyobana ihamishie kwenye karatasi siku hiyohiyo, kabla hujasahau ilikuwa ya nini. Pima pini kwa pini, chora, andika.

Kitenge sasa

Kiloweke kwenye maji ya kawaida usiku kucha, kianike kivulini, kipige pasi. Pamba hurudi, na gauni la kubana likirudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza, kazi yote hii imekuwa bure.

Vitenge vingi vina upana wa inchi 44 hadi 46, vikikunjwa ni 22 au 23. Paterni iliyoongezwa hipsi inaweza isienee hapo pamoja na kipande kingine ulichozoea kukipanga ubavuni mwake. Panga vipande vyote juu ya meza kabla ya kukata chochote, na kama mteja hajanunua bado, mpangie kwanza ndipo umwambie yadi. Tazama na maua: duara kubwa lisiangukie kwenye titi moja, na mapambo ya mbele ya sketi yalingane na ya juu penye mshono wa kiuno.

Paterni iliyorekebishwa iandike jina la mteja, tarehe, vipimo vyake vyote na kila ulichoongeza au kupunguza, mfano "kifua +1½ kila upande, mgongo −1". Itoboe tundu, itundike kwenye msumari kwa uzi. Hiyo sasa ni paterni yake mama: mshono mwingine wowote akitaka, kola, mkono wa puto, sketi ya pande sita, utaanzia hapo.

Mwishoni, unapokata, acha inchi 1 nzima kwenye mishono ya pembeni ya juu na ya sketi, na nusu inchi kwingine. Dada huyu alivaa gauni lake kwenye send-off, na miezi 8 baadaye alilileta, akiwa ameshanenepa kidogo. Kwa kuwa alinenepa kote sawasawa, nilifumua pembeni, nikatoa nusu inchi kila upande, akaondoka nalo jioni ileile.